Kitenzi Kilichokataa Kuingia Ufipa

Ninyi mnaoanza ualimu, nawaona asubuhi mkipita hapa Katandala, Ufipa kwetu, juu ya bodaboda, shati limenyooka, mkoba begani, simu mkononi. Mnanipa shikamoo bila kushuka, nami naitikia marahaba huku vumbi likiniingia kinywani. Sina kinyongo. Nami nilikuwa hivyo hivyo, ila mimi nilikuwa kwa miguu. Baadhi yenu mmekuja hadi barazani kwangu kuniuliza Kiingereza kinafundishwaje, na kila mara mke wangu analeta chai, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mbolea, na swali linabaki hapo hapo. Basi leo najibu kwa maandishi, mahali ambapo chai haitaniingilia.

Jibu langu ni fupi. Nomino unaweza kuileta darasani ndani ya kikapu. Kitenzi lazima ukitolee jasho.

Hilo nilifundishwa na Mwalimu Kasiano, mzee mrefu mwembamba wa kule Mwazye, nilikoanzia kazi. Kasiano hakuwahi kutafsiri kitenzi hata kimoja. Alisema ukimtafsiria mtoto umemtafunia chakula, na mtoto wa kidato cha kwanza ana meno. Siku aliyofundisha kitenzi cha kuogelea, alilala kifudifudi juu ya meza ya mwalimu, akaanza kupiga mikono na miguu kama yuko majini. Meza ikavunjika. Watoto wale, ambao wengi walikuwa hawajaliona ziwa, wakaandika kwenye madaftari yao kwamba maana yake ni kuvunja meza. Kasiano alijifuta vumbi, akacheka, akaniambia, "Wamekosea maana, lakini hawatalisahau neno."

Mimi nami nikafuata njia yake. Kitenzi changu cha kwanza kilikuwa kupiga magoti. Nikapiga magoti mbele ya darasa, nikatulia ili wanione vizuri. Watoto wetu mnawajua, wamelelewa na bibi zao kwa rozari. Kumwona mwalimu amepiga magoti, darasa zima likapiga magoti, msichana mmoja wa mbele akaanzisha Salamu Maria, na wengine wakaitikia. Sasa mimi nitafanyaje? Nimkatishe Mama wa Mungu kwa ajili ya kitenzi? Tukamaliza fungu zima la rozari. Namshukuru Mungu kwa kipindi kile, ingawa cha Kiingereza hakikuwemo kitu.

Basi njia hiyo ndiyo niliyomrithisha Mwalimu Jenista, na ndiyo iliyokaribia kumpotezea kazi.

Jenista alikuja shuleni kwetu, shule ya masista hapa mjini, miaka ya mwisho ya utumishi wangu. Naye ni binti wa Mwazye, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, mchangamfu, mwenye sauti ya kufika darasa la jirani. Alikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Sista Mkuu alimweleza wazi: mkaguzi atakuja, ataketi darasani kwake. Akimpitisha, anapata mkataba. Asipompitisha, anarudi nyumbani kulima. Kulima si aibu, mimi mwenyewe nalima, lakini binti yule alizaliwa kufundisha kama jogoo alivyozaliwa kuwika, tena kwa sauti ile ile.

Siku hizi mkaguzi anaitwa mthibiti ubora. Sisi wazee tunaendelea kusema mkaguzi, maana kwa jina lolote tunamwogopa vile vile. Huyu tuliyepangiwa alikuwa bwana mnene mpole kutoka mikoa ya mbali, na alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda vitenzi vya Kiingereza vya kizamani, vile ambavyo Waingereza wenyewe wamevisahau. Kila shule alikwenda na kitenzi chake kimoja. Anakupa asubuhi ofisini, anakueleza maana, kisha kipindi cha tatu unakifundisha mbele yake. Na sharti: Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Neno moja la Kiswahili kutoka kwa mwalimu, kipindi kimeharibika.

Habari zake zilitutangulia. Shule ya jirani alimpa mwalimu kitenzi cha kizamani chenye maana ya kwenda upesi. Yule mwalimu, naye wa shule ya kutenda kama sisi, akakimbia kuonyesha, akatoka mlangoni, akavuka uwanja wa mpira, na hakuonekana tena hadi gari la mkaguzi lilipoondoka. Wanasema alipasi. Alionyesha kikamilifu.

Mkaguzi alitufikia Ijumaa moja ya Kwaresima. Akanywa maji, akampa Jenista kipande cha chaki, akamwambia aandike: *groak*. Linatamkwa "grouk".

"Unalijua?" akauliza.

"Silijui, mheshimiwa."

"Vizuri sana," akasema, na uso ukamng'aa kabisa. "Ni kitenzi cha zamani. Maana yake ni kumtazama mtu anayekula, kimya kimya, bila kusema neno, ukitumaini atakukaribisha. Mbwa hufanya hivyo mezani. Na watu pia."

Mimi nikaingilia, maana nilikuwa mlezi wake kazini. "Mheshimiwa, hiyo si kudoea?"

"Hapana, mwalimu. Mdoezi anafanya kazi. Anafika saa ya chakula, anabisha hodi, anauliza hali ya mifugo, anasifu harufu ya mboga. Huyu hafanyi kitu. Anatazama tu."

Lazima nikiri alikuwa sahihi. Mdoezi namjua, tuna mmoja jumuiya yetu, na kwa kweli anachoka kuliko mwenye chakula.

Mkaguzi akaenda kukagua maabara. Jenista akaketi, uso kama umeoshwa kwa majivu.

"Baba, nimekwisha."

"Hujakwisha. Ni kitenzi cha mwili. Kasiano angekushukuru kwa kitenzi kama hiki. Unahitaji chakula, mlaji na mtazamaji. Basi."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitaketi nyuma, nakuombea."

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Hapa lazima nieleze. Ijumaa za Kwaresima mimi sili kitu hadi jua lizame. Kanisa halinidai kiasi hicho, lakini ni nadhiri ya tangu ujana, na shule nzima iliijua. Mwaka mmoja mtoto alinikaribisha karanga Ijumaa, kwa wema wake, nami nikamweleza habari za Bwana wetu jangwani na jinsi shetani alivyomletea mawe ayageuze mikate. Nilieleza kwa kirefu, nadhani hadi mapumziko yakaisha. Tangu hapo kukawa na sheria isiyoandikwa pale shuleni, iliyopokelewa na kila kidato kipya: mwalimu yule Ijumaa ya Kwaresima usimkaribishe chochote, hata maji.

Jenista akatuma mtu getini kwa mama mchoma mahindi. Mahindi mabichi ya mwezi ule, nyie, punje zimejaa, zimeungua kidogo pembeni. Yakafika ndani ya gazeti, yanatoa moshi. Kule nyuma ya darasa, nilisogeza kiti changu hadi ukutani.

Kipindi kikaanza. Nayaandika maneno ya darasani kwa Kiswahili ili tusichoshane, lakini jueni kwamba yote yalisemwa kwa Kiingereza, kile Kiingereza cha kidato cha kwanza kinachotembea kwa magongo.

Jenista akawaita mbele wawili. Deo, mtoto wa hapa mjini, akapewa hindi. Skola, msichana mwerevu mwenye ulimi mkali, akaambiwa asimame mbele yake, amtazame, asiseme kitu. Mkaguzi akafungua kalamu.

Deo akang'ata. Skola akatazama. Deo akaacha kutafuna.

"Karibu," akasema.

"Asante, nimeshiba," akajibu Skola.

Darasa likapiga makofi. Walidhani ndilo somo lenyewe, somo la adabu.

"Hapana, hapana," akasema Jenista. "Deo, usimkaribishe."

Deo akamtazama kama aliyeambiwa amtemee bibi yake. "Lakini, madamu, ananiona."

"Ndiyo. Anakuona. Wewe kula tu."

Deo akajitahidi. Aling'ata, akageuza shingo huku, akageuza kule, jasho likamtoka, na mwisho likamponyoka tena: "Karibu." Safari hii aliwakaribisha na mkaguzi, na Sista aliyekuwa anapita dirishani.

Vijana, hapo ndipo nilipoona tatizo letu. Baadaye, nyumbani, nilimuuliza mama yangu mdogo, aliyezeeka akisema Kifipa tu, kama tuna neno la mtu anayesimama kimya akitazama wenzake wanakula. Akafikiri sana. Akasema neno hatuna kwa sababu mtu huyo hatuna. Kabla hajamaliza kusimama ameshanawa mikono.

Lakini darasani sikuwa na nafasi ya kumuuliza mama mdogo. Jenista akambadilisha Deo, akamwita Masanja. Huyu familia yao walihamia huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini magharibi, kijana mkubwa, mtulivu, mtiifu kwa kila amri. Nikasema moyoni, huyu ni mgeni wa desturi zetu, atatuokoa.

"Masanja, utakula. Hutasema neno lolote. Umeelewa?"

"Ndiyo, madamu."

Masanja akashika hindi jingine. Skola akamkazia macho. Masanja hakusema neno, kama alivyoamriwa. Alilivunja hindi katikati, kach, akampa Skola nusu.

"Usimpe!" akapiga kelele Jenista.

"Sikusema kitu, madamu."

"Usiseme, na usimpe!"

Masanja akaiweka nusu yake juu ya meza taratibu, akajifuta mikono. "Basi na mimi nimeshiba," akasema. "Chakula cha namna hii kwetu hakishuki."

Mkaguzi akaandika kitu. Mwalimu mwenzenu yeyote atawaambia, hakuna sauti mbaya kama kalamu ya mkaguzi inayoandika wakati hakuna jema lililotokea. Jenista alinitupia jicho, jicho la mtu anayeona barabara ya kurudi Mwazye imefunguliwa. Nikaanza Baba Yetu upya, kutoka mwanzo.

Kwa kukata tamaa akawarudisha wote kwenye viti. "Deo, kula tu hindi lako hapo ulipo, umalize."

Na Deo alikuwa anakaa dawati la nyuma kabisa. Karibu yangu. Kwa kweli, chini ya pua yangu.

Deo akaketi, akang'ata, akainua macho akaniona. Kwa mara ya kwanza siku ile, uso wake ukatulia. Hapa palikuwa na mtu ambaye sheria inakataza kumkaribisha! Akala kwa amani ya moyo. Alikula safu kwa safu, punje zinapasuka, kach, kach, na ule mvuke wake ukija wenyewe bila kuitwa. Sikuwa nimetia kitu kinywani tangu jana yake. Nilikuwa nimefika kwenye "utupe leo mkate wetu" na sikuweza kusonga mbele ya hapo.

"Tazameni!" Nikasikia sauti ya Jenista. "Tazameni nyuma! Mwalimu, tafadhali, usitikisike!"

Darasa lote likageuka. Nilitaka kuangalia pembeni, namwita Mungu awe shahidi. Shingo ilikataa. Hindi likipanda, macho yangu yanapanda. Likishuka, yanashuka. Nikameza mate, na kwa jinsi kulivyokuwa kimya, yalisikika hadi ubaoni.

"Hiki," akasema Jenista akigonga ubao kwa chaki, "hiki hapa! Mdomo umefungwa. Macho yanakula. Anatumaini."

Mkaguzi akasimama, akaja hadi kwenye dawati, akainama kunitazama kama mtu anayechungua mashine. "Mwalimu, unaigiza?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Ajabu," akanong'ona. "Sijawahi kukiona kikiwa hai."

Mngedhani mambo yameisha hapo. Nami nilidhani. Lakini mkaguzi alirudi kwenye kiti chake, akamwambia Skola atunge sentensi kwa kitenzi kile. Skola akasimama, mikono nyuma, sauti ya kusoma somo kanisani:

"Mwalimu wetu ana-groak kwa sababu yeye ni mtakatifu."

Mkaguzi akamtaka Masanja naye atoe yake. Masanja akasema, "Wakati wa Kwaresima, Wakristo wote lazima wa-groak."

Deo naye, mdomo umejaa, akaongeza kwamba bibi yake hu-groak Jumatano na Ijumaa, na Wiki Kuu ana-groak kila siku.

Mkaguzi akafunga kalamu. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Madamu," akasema kwa upole, "wameelewa kwamba ni aina ya mfungo. Mzee mmoja mwenye njaa si sawa na darasa lililoelewa. Muda nao umebaki kidogo. Pole sana."

Jenista aliketi kwenye kiti cha mwalimu, akaweka mikono mezani. Binti yule hakuwa amelala kwa hofu, wala hakuwa amekunywa hata chai asubuhi. Na pale mezani, mbele yake, ilikuwepo nusu hindi ya Masanja. Nadhani hata hakujua anachofanya. Mkono ulikwenda wenyewe. Akaling'ata, machozi yanamlengalenga, akatafuna, akiangalia meza.

Nilimwona Skola akimtazama. Kisha nikamwona anamkanyaga mwenzake mguu chini ya dawati. Akakunja mikono, akafunga mdomo, akakaza macho. Mwenzake naye. Masanja naye, na lile shingo lake refu likinyooshwa mbele kama la ndama kwenye ndoo. Safu kwa safu, darasa zima likanyamaza. Hakuna aliyeombwa. Hakuna aliyefunga, maana asubuhi niliwaona kwa macho yangu wakigombea uji. Walikaa tu, kimya, macho yote kwenye kipande kile cha hindi, kikipanda yanapanda, kikishuka yanashuka. Deo, ambaye alikuwa amekwisha kula hindi zima, ndiye aliyetazama kwa huzuni kuliko wote.

Kalamu ya mkaguzi ilifunguka tena. "Madamu," akanong'ona, "usiinue macho. Endelea kula. Endelea tu."

Lakini Jenista alikuwa amekwisha inua macho. Akaliona darasa. Mtoto wa Mwazye, aliyelelewa kwenye nyumba ambayo hata mpita njia hawezi kupita bila kuitwa, ameshika chakula, na watoto arobaini wanamtazama. Nilijua atakachofanya. Nikatikisa kichwa, nikampungia mkono, nikamfanyia ishara zote ambazo Kasiano alinifundisha, na nyingine nilizitunga pale pale.

Akavumilia mng'ato mmoja. Akavumilia nusu ya mwingine.

"Karibuni, jamani," akalipuka, mdomo umejaa, kwa Kiswahili, tena kile Kiswahili cha nyumbani chenye Kifipa ndani yake. "Njooni mle! Yapo mengine kwenye gazeti!"

Halafu akajisikia alichosema, akajiziba mdomo kwa mkono, na punje moja ikabaki nje.

Nilifumba macho. Neno moja tu la Kiswahili lilitosha kuharibu kipindi, na binti huyu alikuwa ametoa sentensi mbili na mwaliko. Hakuna mtoto aliyesimama. Wote walikuwa wanamtazama mkaguzi, naye alikuwa amesimama tayari, anageuzia sikio dirishani.

"Mvua hii ya kwenu," akasema, kwa Kiswahili, na nje jua lilikuwa linawaka, "ina kelele sana. Sikusikia neno." Akasogea hadi mezani, akafungua gazeti, akayapindua mahindi moja moja hadi akapata alilolitaka. "Mwambieni Sista huyu mwalimu asiende popote. Na wewe Masanja, sogea basi, wenzako wanaogopa kuanza."